NGOMA ZETU NA KOMPYUTA YA NOTI



Mwezi huu tumeona ni vyema tuizungumze habari ambayo kwa sura ya nje ni ya mafundi peke yao, lakini undani wake unagusa kila nyumba yenye mtoto anayepiga ngoma katika bendi ya shule na mzee anayezijua ngoma za kwao. Nayo ni habari ya kuandika mapigo ya ngoma kwa kompyuta: kwa nini programu za kuandika muziki zilichukua miaka mingi kabla ya kuzipa ngoma nafasi ya haki, na kwa nini, baada ya kazi yote hiyo, dufu la maulidi na vumi la harusini bado vinamsubiri mtu wa kuviandika.

Kwa sisi wakazi wa Burnsville, chimbuko la habari hii haliko mbali. Ukivuka Mto Minnesota na kushika njia ya Eden Prairie, mwendo usiofika nusu saa kwa gari siku isiyo na theluji, utafika katika mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa makao ya Finale, mojawapo ya programu mashuhuri duniani za kuandika noti. Finale iliandikwa na Phil Farrand, ikaanza kuuzwa mwaka 1988 chini ya jina la Coda, wakati huo ikiwa ni sehemu ya kampuni ya Wenger ya Owatonna, mji ulio kusini kwetu kwenye barabara kuu ya 35. Wenger ndiyo itengenezayo stendi za noti na viti vya wanamuziki, na huenda mwanao anakikalia kimoja chake kila asubuhi katika chumba cha bendi.

Kabla ya programu za namna hiyo, mtunzi aliandika kwa mkono, kisha mnakili stadi akaketi na kunakili kwa wino sehemu ya kila mpigaji, karatasi baada ya karatasi. Kosa moja la mtunzi lilimlazimu mnakili aanze upya. Kompyuta iliiondoa taabu hiyo. Ukirekebisha noti moja, kila karatasi inayohusika hurekebika yenyewe. Kwa mpiga fidla, kwa mpiga piano na kwa mwimbaji, neema ilikuwa kubwa tangu siku ya kwanza. Kwa mpiga ngoma, neema hiyo ilikuja na kasoro, na kasoro yenyewe ina asili ya zamani sana, iliyoitangulia kompyuta kwa karne nyingi.

MWANDIKO ULIOZALIWA KWA WAIMBAJI

Mwandiko wa noti tunaouona katika madaftari ya watoto wetu ulizaliwa katika uimbaji wa makanisa ya Ulaya. Mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyeishi katika karne ya 11, ndiye anayetajwa sana kwa kuieneza njia ya kuzipanga sauti juu ya mistari. Kanuni yake ni nyepesi: sauti ikipanda, noti hupanda, sauti ikishuka, noti hushuka. Kwa hiyo mahali noti ilipokaa juu ya mistari hueleza jambo moja tu, yaani ujuu au uchini wa sauti.

Mpiga ngoma haulizi hilo. Yeye huuliza: nipige ngoma ipi, katikati au ukingoni, kwa kiganja au kwa mkwiro, kwa mkono wa kulia au wa kushoto, niuache wambo uvume au niuzuie? Wazungu walipotaka kuandika ngoma za majeshi na za okestra zao, waliazima mistari ileile ya waimbaji na kuibadilisha maana. Mstari wa juu haukuwa tena sauti ya juu, bali ulikuwa jina la ala fulani. Katika ngoma za bendi za leo, ngoma kubwa ya mguu huandikwa nafasi ya chini kabisa, ngoma ya kijiti huandikwa nafasi ya tatu kutoka chini, na matoazi huandikwa juu kwa alama ya msalaba badala ya kichwa cheusi cha noti. Binadamu huyazoea mapatano ya namna hiyo bila ya shida. Mtoto wa darasa la 5 huelezwa mara moja, akaelewa, akaendelea.

Kompyuta haielewi mapatano mpaka iandikiwe. Waandishi wa programu za mwanzo walijenga kila kitu juu ya dhana kwamba noti ni sauti yenye kimo, na kwamba kimo hicho ndicho kinachoamua noti ikae wapi. Mwaka 1983 ulianzishwa mfumo wa MIDI, ambao ni lugha ya namba inayoziwezesha ala za umeme na kompyuta kuzungumza. Katika lugha hiyo, do ya katikati ya piano ni namba 60, na kila namba ni ufunguo mmoja juu au chini. Mwaka 1991 yakaafikiwa mapatano mengine, General MIDI, yaliyotenga njia ya 10 kwa ajili ya ngoma na kuzipa ala 47 za kupiga namba zake, kuanzia 35 hadi 81. Ngoma ya mguu ikapewa 36, ngoma ya kijiti 38, bongo kubwa 61.

Sasa msomaji atazame tatizo lilipo. Namba 38 ikiwa ni sauti ya piano, ni sauti nzito ya chini sana. Programu isiyojua kwamba hii ni ngoma ingeichora mbali chini ya mistari, ikining'inia juu ya vijistari vya ziada, mahali ambapo hakuna mpiga ngoma anayetazama. Na mwandishi akiisogeza kwa nguvu mpaka nafasi ya tatu, kompyuta ikiipiga ingetoa sauti nyingine kabisa, pengine kengele au filimbi. Ukisahihisha macho, umeharibu masikio. Ukisahihisha masikio, umeharibu macho.

Dawa iliyobuniwa ndani ya Finale iliitwa ramani ya ngoma. Ni jedwali linaloiambia programu, kwa kila namba, mambo matatu: noti ikae wapi juu ya mistari, iwe na kichwa cha umbo gani, na itoe sauti ipi. Dawa ilifanya kazi, lakini ilikuwa chungu. Mwandishi alilazimika kuzijua namba, na kila seti mpya ya sauti ilikuwa na namba zake. Baada ya miaka zaidi ya 20, toleo la Finale 2010 liliitengeneza upya sehemu hiyo, mapigo yakapewa majina badala ya kujulikana kwa namba tupu, na mpangilio wa macho ukatenganishwa na sauti. Kwa maoni yetu jambo hilo la majina ndilo lililokuwa kubwa zaidi. Namba ni lugha ya mashine, na mpiga ngoma hulijua pigo lake kwa jina.

Si Finale peke yake iliyochelewa. Dorico, iliyotolewa na kampuni ya Steinberg mwezi wa Oktoba 2016, iliandikwa na mafundi wazoefu waliokuwa wameijenga programu ya Sibelius huko London, lakini ilianza bila ya mpango kamili wa ngoma. Mpango huo uliingia katika toleo la 1.2, mwisho wa mwaka 2017. Hata hivyo walipoufanya waliufanya kwa fikra. Ndani yake, seti moja ya ngoma yaweza kuonyeshwa kwa mistari mitano, au kila ala ikapewa mstari wake mmoja, au zikapangwa katika safu kama wavu, na mwandishi akabadilisha sura bila ya kuandika upya. Tena kila ala huweza kupewa mapigo yake mbalimbali, kila pigo na alama yake.

JINA KWENYE ORODHA SI MAARIFA YA MAPIGO

Zile ala 47 za General MIDI zina bongo, konga, timbale, agogo, kabasa, kuika. Wapigaji wa Cuba na Brazil wamo, na kupitia kwao Afrika imo kwa mlango wa nyuma. Pwani yetu haimo. Hamna vumi, hamna chapuo, hamna msondo wala upatu. Orodha za programu za leo ni ndefu zaidi, na jamaa wa dumbak huonekana humo kwa majina yao ya Kiarabu. Lakini jina la ala kuwamo katika orodha si sawa na mapigo yake kujulikana. Kompyuta ikikuletea mstari mmoja na jina la ala pembeni, bado haijui kwamba dumbak lina dum ya katikati na tak ya ukingoni, na kwamba baina ya hayo mawili kuna mapigo mepesi ya vidole ambayo mpigaji hodari huyapenyeza bila ya kuyahesabu.

Litazame dufu. Mkono mmoja hulishika, mwingine hulipiga, na vidole vya mkono ulioshika navyo huchokoa ukingoni. Katika maulidi ya homu ya Unguja, waitikiaji hupiga magoti katika safu, huinama na kuinuka kwa pamoja huku madufu yakiwaongoza. Huko Lamu, Habib Saleh wa Riyadha aliyaingiza matari katika usomaji wa maulidi ya Al-Habshi, na wapo masharifu na maulamaa wa wakati wake waliompinga. Mjadala huo haujafungwa hata leo, na gazeti letu dogo si mahali pa kuufunga. Wasomaji wetu wanaijua hadithi ya wasichana wawili waliopiga dufu siku ya Idi katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), na wanajua pia jinsi wanavyuoni walivyotofautiana kuhusu mipaka yake. Yule asiyepiga hata hilo, basi hana haja ya kuliandika. Maneno yetu ni kwa wale wanaopiga, na kwa wale ambao baba au bibi zao walipiga.

Hao tunawauliza: katika dufu mnalolijua, kuna mapigo mangapi yaliyo tofauti? Yanaitwaje? Ni nani katika mji huu awezaye kuyataja yote?

WALIOTUTANGULIA

Kazi ya kuandika ngoma za Afrika si mpya. A. M. Jones, mmisionari aliyefundisha Mapanza katika nchi ambayo leo ni Zambia, alitengeneza mashine yenye vibao vya chuma na kalamu za chuma. Wapigaji walipogonga vibao kwa kalamu hizo, alama zilijichora zenyewe juu ya utepe wa karatasi unaosogea. Kwa njia hiyo aliweza kuona kwa jicho ni pigo lipi limetangulia na lipi limefuata, jambo ambalo sikio la mgeni halikuweza kulitenga. Matokeo aliyachapisha mwaka 1959 katika majuzuu mawili. Lakini alipoyahamishia katika mwandiko wa Kizungu, alilazimika kumpa kila mpigaji mistari yake ya kugawa mizani, isiyolingana na ya mwenzake, hata ukurasa ukawa kama ukuta uliojengwa na mafundi watano wasiosemezana.

Njia nyepesi zaidi ilipatikana Uganda. Mwaka 1959 kijana wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala akajifunza marimba ya amadinda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa jumba la Kabaka. Amadinda ina vibao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza hupiga sehemu iitwayo okunaga. Wa pili, aliyekaa upande wa pili wa ala hiyohiyo, huingiza sehemu yake, okwawula, katikati ya mapigo ya mwenzake, kama meno ya zipu yanavyopishana. Wa tatu huyachota mapigo fulani na kuyarudia juu ya vibao viwili vidogo. Kwa kuwa muziki ule una sauti tano, Kubik aliandika tarakimu, 1 hadi 5, safu moja kwa kila mpigaji, na nukta palipo na kimya. Hakutumia mistari mitano hata kidogo.

Hapa ndipo programu za kompyuta zinapokwama mpaka leo. Mwandiko wa Kizungu hutaka mizani moja kwa wote. Ukiuandika muziki huu kwa kompyuta, mpigaji wa kwanza ataonekana ametulia juu ya pigo la mizani, na wa pili ataonekana kila mara ana kimya kidogo mbele yake, kana kwamba anachechemea. Lakini mpigaji wa pili hachechemei. Kwake yeye, pigo lake ndilo pigo, na mwenzake ndiye anayeingia katikati. Ukimfundisha mtoto kwa karatasi ile, atapiga noti zote sawasawa na atakuwa amekosa jambo lenyewe.

Buganda hiyohiyo inatupa pia hadithi inayotufanya tuandike makala haya leo badala ya kungoja mwakani. Katika jumba la Kabaka kulikuwa na ngoma ziitwazo entenga, ngoma 15 zilizopangwa, 12 kati yake zikiwa zimewambwa kwa sauti mbalimbali ili zitoe wimbo kama marimba. Zilikuwa ngoma za ndani ya jumba, za watu wachache waliorithishana kazi. Tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya serikali ya Obote, chini ya Idi Amin, yalilishambulia jumba la Mengo. Kabaka Mutesa alikimbilia uhamishoni, wanamuziki wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Ufalme uliporudishwa mwaka 1993, zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 25. Kanda alizozirekodi Hugh Tracey katika miaka ya 1950 zilikuwapo, na wataalamu walikuwa wameandika baadhi ya nyimbo. Waliobaki hai wakiijua entenga kwa mikono yao walikuwa wachache mno, na ilipofika zamu ya vijana kujifunza, walilazimika kuwategemea hao.

Jamaa zetu wengi walioko hapa wanajua maana ya ngoma kuachwa nyumbani siku ya kukimbia. Hakuna abebaye vumi mgongoni kuvuka mpaka.

MBONA TUSIREKODI KWA SIMU?

Swali hili ni la haki, na jibu letu ni kwamba rekodini, tena leo. Rekodi ina uhai ambao karatasi haina. Lakini rekodi hukupa wapigaji wote kwa pamoja, na mwanafunzi hawezi kujua ni mkono upi umepiga pigo lipi. Kanda za entenga zinavuma vizuri. Anayezisikiliza bila ya mwalimu husikia mvua. Mwandiko humtenga kila mpigaji na kumweka peke yake. Kwa hiyo vyote viwili vinahitajika, na rekodi iliyo bora ni ile inayomchukua kila mpigaji peke yake kwanza, kisha wote pamoja.

Kuna faida nyingine tunayoifikiria zaidi kuliko zote. Katika shule nyingi za Minnesota, mtoto huanza bendi akiwa na miaka 10 au 11. Akipewa ngoma, hufundishwa kusoma. Baada ya miaka mitatu huweza kusoma ukurasa ambao babu yake hauelewi hata mstari mmoja. Na babu yake anayo mapigo ambayo mwalimu wa bendi hajapata kuyasikia. Kila mmoja ana nusu. Wamekaa nyumba moja, wanakula sahani moja, na aghalabu hawajawahi kuzungumza juu ya ngoma hata siku moja, kwa sababu kijana hudhani ngoma ni ya shule na mzee hudhani ngoma ilibaki Mombasa.

Basi waanze bila ya kompyuta. Daftari la hesabu lenye visanduku latosha. Njia hii ya visanduku ilibuniwa na Philip Harland huko California katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ngoma za Afrika, lakini mtu yeyote angeweza kuibuni mezani kwake. Kila kisanduku ni kipande kimoja cha muda, vyote sawa. Pigo huandikwa kwa herufi, na kimya kwa kistari. Mfano ni mdundo wa Misri uitwao maksum, ambao sikio la mpenzi wa taarab litautambua mara moja. Una visanduku 8:

D T – T D – T –

D ni dum, T ni tak. Rudia bila ya kusimama. Mzee hugonga juu ya meza (jirani wa chini katika apatimenti atashukuru kwamba si ngoma yenyewe), mtoto huandika, kisha mtoto hugonga alichokiandika na mzee humsahihisha. Visanduku visipotosha, yaani mapigo yakikataa kukaa 8, jaribuni 12. Ngoma nyingi za kwetu hutaka 12, kwa sababu ndani yake mna mapigo matatu na mapigo mawili yanayokwenda bega kwa bega, na 12 hugawika kwa yote mawili. Wala msihangaike kutafuta kisanduku cha kwanza ni kipi. Mwulizeni mchezaji anakanyaga wapi.

KUTOKA DAFTARI HADI KOMPYUTA

Daftari likishakamilika, ndipo kompyuta ina kazi ya maana. MuseScore ni programu ya bure, iliyoanzishwa na Werner Schweer mwaka 2002, na yeyote anaweza kuiweka katika kompyuta ya nyumbani. Humo mwandishi anaruhusiwa kutengeneza seti yake ya ngoma: huchagua pigo, hulipa jina kwa Kiswahili, huchagua mahali pake juu ya mistari, umbo la kichwa chake, na sauti iliyo karibu nalo katika zile zilizopo. Seti hiyo huhifadhiwa kama faili na kutumika tena katika kazi nyingine. Mwaka 2025 toleo la 4.5 lilileta sehemu mpya ya kuandikia ngoma ambayo ni nyepesi zaidi kwa anayeanza. Sauti haitakuwa ya dufu. Itakuwa ya konga au ya tari la Kizungu, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi, asije akadhani mashine ndiyo mwalimu wa sauti. Mwalimu wa sauti ni mzee, na ile rekodi.

Ushauri wetu ni kutumia mstari mmoja badala ya mitano kwa ngoma moja: pigo la katikati likae chini ya mstari, pigo la ukingoni likae juu yake, na mapigo mepesi ya vidole yapewe kichwa kidogo au msalaba. Dumbak na dufu vyote vinaweza kuandikwa hivyo bila ya kumchosha msomaji. Ikiwa vumi na chapuo vinapigwa pamoja, kila moja ipewe mstari wake. Na ukurasa wa kwanza wa kila kazi uwe na ufunguo unaoeleza kila alama kwa maneno: mkono upi, mahali gani juu ya wambo, ngozi iachwe au izuiwe. Ukurasa huo ndio wa kwanza kusahaulika, na bila ya huo kazi nzima huwa fumbo.

Tahadhari ya mwisho inatoka tena kwa jirani zetu. Kampuni ya Finale, iliyokuja kuitwa MakeMusic, ilihama Eden Prairie kwenda Colorado, na tarehe 26 Agosti 2024 ilitangaza kwamba Finale haitaendelezwa tena, baada ya miaka 35 na zaidi. Watu walioweka humo kazi ya maisha yao waliambiwa wahamishe. Njia ya kuhamia ni MusicXML, mwandiko wa wazi uliobuniwa na Michael Good na kutolewa rasmi mwaka 2004, ambao programu zote kubwa huusoma. Nyimbo za kawaida huvuka salama kwa njia hiyo. Ngoma ndizo zinazoumia mara nyingi, kwa sababu jedwali la mapigo la programu moja halilingani na la nyingine: vichwa hubadilika, mistari huruka, tak ikageuka filimbi. Kwa hiyo kila mwenye kuandika ahifadhi kazi yake kwa namna tatu: faili la programu, faili la MusicXML, na karatasi iliyochapwa. Karatasi haihitaji toleo jipya.

Si kila ngoma ni ya kuandikwa. Ngoma za unyago, kwa mfano, zina wenyewe na zina faragha yake. Msondo aliokuwa akiupiga marehemu Bi Kidude jukwaani ulikuwa sehemu tu ya kile alichowafundisha wari ndani. Akina mama wanaozijua ndio wa kuamua lipi liingie daftarini na lipi libaki midomoni mwao, na hakuna kijana wa kiume mwenye kompyuta atakayewaamulia. Lakini ngoma za harusi, za kupokea wageni, na dufu la maulidi lilisikika mitaani, nalo halikuwa siri ya mtu.

Katika kuandika, lisiachwe jina la mzee aliyepiga, mji alikojifunza, na kwa nani, maana dufu la Lamu si la Tanga, na la Unguja si la Ngazija. Likiandikwa tu kwamba ni dufu la Waswahili, wajukuu watadhani lilikuwa moja.

Maktaba ya Burnhaven hapa Burnsville ina kompyuta za umma kwa asiyekuwa nayo nyumbani. Madaftari yenye visanduku hujaa madukani mwezi wa Agosti, shule zinapokaribia kufunguliwa, na daftari moja lina nafasi ya kutosha ngoma zote za harusi moja, kuanzia kumpokea bwana harusi hadi watu kutawanyika.